Masahihisho Nayo Yasahihishwe

Katika ukurasa huu tumezoea kuzungumzia malaria, kuhara, lishe ya watoto na usafi wa maji. Mwezi huu tunaomba tuzungumzie daftari la shule. Huenda msomaji akajiuliza daftari lina uhusiano gani na afya. Lina uhusiano mkubwa, hasa kwa watoto wenye umri wa miaka 12 hadi 15, yaani wale wanaomaliza shule ya msingi na wale walio katika Kidato cha Kwanza na cha Pili.

Mtoto wa umri huo anabadilika mwili na mawazo kwa wakati mmoja. Anaanza kujali sana jinsi wenzake wanavyomwona. Alama zinaposomwa mbele ya darasa na yeye akatajwa kuwa amepata 6 kati ya 20, hafikirii kwamba amekosa maswali fulani. Anafikiri kwamba yeye ni mjinga, na sasa darasa zima limejua. Wengine hunyamaza tu. Wengine huficha daftari chini ya godoro au huchana ukurasa. Wengine huanza utoro. Na wengine huumwa: kichwa, tumbo, kichefuchefu, kukosa usingizi.

Mzazi akichunguza vizuri ataona kwamba maumivu ya namna hiyo huja asubuhi ya siku za shule, na Jumamosi hayapo. Mtoto huyo hadanganyi. Hofu inaweza kabisa kuleta maumivu ya kweli ya tumbo na kichwa. Ni lazima kwanza apelekwe zahanati akapimwe, maana malaria, vidonda vya tumbo na minyoo navyo huleta maumivu. Lakini akishapimwa na ugonjwa usionekane, tusimpe vidonge vya kutuliza kila wiki. Tuulize habari za shule.

Sehemu kubwa ya dawa ya hofu hiyo iko mikononi mwa mwalimu. Maoni yetu ni haya: mwanafunzi aliyepata alama ndogo katika zoezi au jaribio la darasani aruhusiwe kusahihisha makosa yake, arudishe kazi kwa mwalimu, isahihishwe mara ya pili, na alama zake ziongezwe kwa kadiri alivyosahihisha. Hatusemi mitihani ifutwe. Hatusemi kila mtoto apewe alama nzuri ili afurahi. Tunasema alama ndogo isiwe mwisho wa habari.

ALAMA NDOGO NI DALILI

Homa ni dalili. Mganga mzuri akiona homa hamfukuzi mgonjwa wala hamchapi. Anatafuta chanzo, anatibu, kisha anapima tena aone kama dawa imefanya kazi. Alama ndogo nayo ni dalili, na yenyewe haisemi chanzo chake ni nini.

Vyanzo ni vingi. Yupo mtoto asiyeona vizuri ubao, akanakili 3 mahali palipoandikwa 8, na hesabu yote ikaharibika tangu mstari wa kwanza. Yupo anayetokwa usaha masikioni akakosa nusu ya maelezo. Yupo mwenye upungufu wa damu kwa sababu ya minyoo, kichocho au malaria za mara kwa mara, ambaye husinzia kuanzia saa nne. Yupo aliyekuja shule bila kula tangu jana jioni. Na yupo ambaye afya yake ni njema kabisa, ila hakuelewa somo.

Kwa watoto wetu wa Tanzania kuna chanzo kingine kikubwa, nacho ni lugha. Watoto walio wengi husoma shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha wanapoingia Kidato cha Kwanza karibu masomo yote huwa kwa Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari wa sayansi katika Darasa la Saba anajikuta amepata 4 kati ya 20 katika somo la biolojia. Je, amesahau kazi ya mizizi ya mmea? Hapana. Mwulize kwa Kiswahili atakueleza vizuri. Alichokosa ni maneno ya Kiingereza ya kuelezea, au hakuelewa kama swali linamtaka ataje, aeleze au alinganishe.

Watoto hawa wote wanaweza kupata alama ileile. Mwalimu mwenye darasa la wanafunzi 60 au 80 hawezi kumjua kila mmoja kwa kuangalia namba tu. Lakini mtoto akiambiwa arudi kwenye kazi yake na aandike ni wapi alikosea na kwa nini, chanzo huanza kuonekana. Anayenakili vibaya kutoka ubaoni atagundulika, na mzazi atashauriwa akampime macho. Anayeshindwa lugha ataonekana. Asiyeelewa kabisa naye ataonekana, na huyo ndiye anayehitaji kufundishwa upya.

MASAHIHISHO YA KUNAKILI

Msomaji aliyepita shule zetu atasema, "Lakini masahihisho yapo siku zote." Ni kweli. Sote tunalijua neno hilo. Mwalimu akirudisha madaftari husema, "Fanyeni masahihisho," na mtoto huandika kichwa cha habari hicho, akakipigia mstari. Kisha mwalimu huandika majibu ubaoni, watoto wananakili, na somo linaendelea. Mara nyingi masahihisho hayo hayatazamwi tena na mtu yeyote, na alama inabaki palepale.

Hebu tuchukue mfano. Mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza ameulizwa −3 − 4 ni ngapi, akajibu 7. Amekosa. Ubaoni jibu ni −7, naye ananakili −7. Je, amejifunza? Bado, kwa sababu hajajua kilichompotosha. Alikumbuka msemo wa darasani kwamba hasi na hasi ni chanya. Msemo huo ni wa kuzidisha na kugawanya, yeye akautumia mahali ambapo sipo. Wiki ijayo akipewa −5 − 2 ataandika 7 tena, na atachapwa au atachekwa tena. Lakini akilazimika kuandika kwa maneno yake mwenyewe, "Nilitumia kanuni ya kuzidisha, hapa nilikuwa na deni la 3, nikaongeza deni la 4, sasa nina deni la 7," huyo amepona.

Tofauti ya watoto hawa wawili haiko katika jibu walilonalo daftarini. Wote wameandika −7. Tofauti ni kwamba mmoja ameisahihisha kazi na mwingine ameinakili tu. Ndiyo maana tunasema masahihisho nayo yasahihishwe. Yakikusanywa, yakasomwa na kupewa alama, mtoto atayafanya kwa makini. Yasipotazamwa, atayachukulia kuwa adhabu ya kuandika.

SI JAMBO GENI

Wazo hili halikuja jana. Mwalimu Nyerere, katika Elimu ya Kujitegemea ya mwaka 1967, alilalamikia uzito mkubwa uliopewa mitihani. Mwaka 1974 Azimio la Musoma likataka mwanafunzi asipimwe kwa mtihani wa mwisho peke yake, bali kazi zake za darasani nazo zihesabiwe. Nchi yetu, kwa hiyo, imekwisha kukubali kwamba kazi za kila siku ni sehemu ya kipimo. Tunachoongeza sisi ni kwamba kazi hizo zihesabiwe baada ya mtoto kupata nafasi ya kuzirekebisha.

Wataalamu wa nchi nyingine nao wameliangalia jambo hili. Mwaka 1968 Benjamin Bloom wa Chuo Kikuu cha Chicago, Marekani, alieleza utaratibu wa kufundisha kwa sehemu ndogo ndogo: mwalimu anafundisha, anatoa jaribio fupi, wanaokosa wanaelekezwa upya mahali walipokosea, kisha wanapimwa tena kabla darasa halijaingia sehemu inayofuata. Bloom aliamini kwamba watoto wengi wanaoitwa wazito wangeelewa kama wangepewa muda na maelekezo zaidi.

Jaribio jingine lilifanywa huko Israeli na Ruth Butler, na matokeo yake yakatolewa mwaka 1988. Watoto wa umri wa miaka 11 na 12 hivi waligawanywa makundi matatu. Kundi moja lilirudishiwa kazi zikiwa na alama tu, la pili maelezo ya mwalimu tu, na la tatu alama pamoja na maelezo. Waliosonga mbele katika kazi zilizofuata ni wale waliopewa maelezo tu. Waliopewa alama pamoja na maelezo hawakufaidika na yale maelezo. Mzazi yeyote ataelewa sababu: mtoto akiiona namba, macho hayaendi kwingine.

Tukirudi nyumbani, tuangalie gharama ya kuchelewa. Mwaka 2012 Serikali ilirudisha utaratibu wa kumkaririsha mwaka mwanafunzi wa Kidato cha Pili asiyefikia kiwango katika mtihani wa taifa, baada ya sharti hilo kuondolewa mwaka 2008. Kukariri kidato ni nafasi ya pili pia, lakini ni nafasi ghali mno. Ni mwaka mzima wa maisha ya mtoto, wa sare, wa nauli na chakula, na wa kuwaona wenzake wakipita mbele. Ni afadhali mtoto arudie ukurasa mmoja mwezi Machi kuliko arudie mwaka mzima.

HOJA ZA WANAOPINGA

Tumesikia hoja za kupinga, na si za kupuuzwa.

Hoja ya kwanza ni kwamba watoto watakuwa wavivu: hawatasoma kabla ya jaribio kwa kuwa wanajua kuna nafasi nyingine. Hatari hiyo ipo pale ambapo nafasi ya pili ni ya bure. Isiwe ya bure. Kusahihisha na kuandika sababu ya kila kosa ni kazi kubwa kuliko kusoma mapema, na mtoto akishafanya mara mbili tatu ataligundua hilo mwenyewe.

Hoja ya pili ni ya haki. Mtoto aliyesoma kwa bidii akapata 17 atasikiaje akiona mwenzake wa 8 anainuliwa? Hapa tunashauri aliyesahihisha apewe nusu ya alama alizokosa. Aliyepata 8 kati ya 20 amekosa 12. Akisahihisha zote vizuri anapewa 6, na jumla inakuwa 14. Amepanda kutoka kushindwa hadi kufaulu, lakini hakumpita wala kumfikia aliyepata 17. Hakuna aliyeibiwa.

Hoja ya tatu ni kwamba mtihani wa taifa hauna marudio, kwa hiyo tunawadekeza watoto. Sisi tunaona kinyume chake. Kwa sababu chumba cha mtihani hakina marudio siku ile, darasa ndipo mahali pa kukosea na kurekebisha. Mwanamichezo hukosea mazoezini ili asikosee uwanjani.

Hoja ya nne hutolewa na watu wazima wengi: "Sisi tulichapwa na tukafaulu." Waliofaulu ndio waliobaki kusimulia. Wale waliokimbia shule kwa sababu ya fimbo hawapo kwenye mazungumzo hayo. Tena tukumbuke kanuni za viboko za mwaka 2002: visizidi vinne, vitolewe na mkuu wa shule au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, na viwe kwa makosa makubwa ya nidhamu. Kushindwa swali la hesabu si kosa la nidhamu.

Hoja ya tano ni nzito kuliko zote, nayo ni mzigo wa walimu. Mwalimu wa wanafunzi 70 katika mikondo mitatu ana madaftari 210. Tukimwambia asahihishe kila kitu mara mbili tunamwonea. Lakini tufanye hesabu. Tuseme darasa lina wanafunzi 60 na zoezi lina maswali 10. Mwalimu amesoma majibu 600. Tuseme walioshindwa ni 25, na kila mmoja anarudisha maswali matano aliyokosa. Hayo ni majibu 125. Ni kazi ya ziada, ndiyo, ila si kazi maradufu. Na isifanyike kwa kila zoezi. Mara moja kwa mwezi katika kila somo inatosha kuanzia.

UTARATIBU TUNAOPENDEKEZA

1. Nafasi ya pili iwe kwa mazoezi na majaribio ya darasani. Mitihani ya muhula na ya taifa ibaki na utaratibu wake.

2. Iwe ya wale waliopata chini ya nusu. Mtoto aliyepata 18 na anayetaka 20 asahihishe kwa faida yake bila kuongezewa alama. Wapo watoto hodari wanaokosa usingizi kwa ajili ya alama mbili. Hao nao wanahitaji kuambiwa kwamba 18 inatosha.

3. Mara ya kwanza kazi irudishwe na maneno machache ya mwalimu, kama vile "Angalia tena kanuni ya alama za hasi." Alama ziandikwe kwa penseli katika kitabu cha mwalimu hadi masahihisho yatakaporudi.

4. Mwanafunzi asahihishe maswali aliyokosa tu, kwa mwandiko wake, na chini ya kila swali aandike sentensi moja ya kueleza alikosea wapi. Kwa Kidato cha Kwanza, sentensi hiyo iruhusiwe kuwa ya Kiswahili.

5. Muda uwe wiki moja, na nafasi iwe moja tu. Baada ya hapo alama iandikwe kwa wino.

6. Alama zisisomwe kwa sauti darasani kuanzia wa kwanza hadi wa mwisho. Mwaka 2023 Baraza la Mitihani lenyewe liliacha kutangaza shule kumi bora na wanafunzi bora. Kama Baraza limeweza, darasa letu litashindwaje?

7. Masahihisho yasigeuzwe kuwa adhabu ya kuandika sentensi moja mara 50, wala yasiwe sababu ya kumtoza mzazi fedha za masomo ya ziada.

WAJIBU WA WAZAZI

Wazazi wapendwa, sehemu yetu haihitaji elimu kubwa. Hata mzazi asiyejua kusoma anaweza kuitimiza.

Mtoto akirudi na daftari, maswali yetu ya kawaida ni mawili: "Umepata ngapi?" na "Umekuwa wa ngapi?" Tuyabadilishe. Tumwulize, "Ulikosa wapi? Sasa umeelewa? Umesharudisha kwa mwalimu?" Mtoto asiyeogopa kuonyesha daftari nyumbani hatalificha chini ya godoro.

Tusimfanyie masahihisho. Kaka au dada aliye mbele anaweza kumweleza, lakini kalamu iwe mkononi mwa mwenyewe. Kazi ya kuandikiwa inaficha ugonjwa.

Tumpe muda kabla giza halijaingia. Katika nyumba nyingi mtoto wa kike hupika, huchota maji na kulea mdogo wake, na hukaa na daftari saa nne usiku akiwa amechoka. Kazi zigawanywe kwa watoto wote, wa kike na wa kiume. Tukumbuke kwamba mtoto wa miaka 12 anahitaji kulala saa 9 hadi 12, na wa miaka 13 hadi 15 anahitaji saa 8 hadi 10. Masahihisho yasiyokamilika kabla ya kulala yasubiri kesho. Wiki moja inatosha.

Alama zikiendelea kuwa ndogo hata baada ya kusahihisha, tumpeleke kituo cha afya akapimwe macho, masikio, damu na minyoo. Na kama mtoto ameacha kula, anajitenga na wenzake, analia bila sababu, au anasema maisha yake hayana faida, tusingoje matokeo ya muhula. Tusimgombeze. Tukae naye, tumsikilize, na tumpeleke kwa mhudumu wa afya siku hiyohiyo.

Mwisho, tuwasaidie walimu. Jambo hili halitaanza kwa sisi kulalamika barazani. Tulipeleke kwenye kikao cha wazazi, kwenye kamati ya shule ya msingi na bodi ya sekondari. Tulizungumze pia katika jumuiya zetu, maana huko wamo wazazi na walimu. Tuombe shule ijaribu kwa muhula mmoja, darasa moja na somo moja, tuseme hisabati ya Kidato cha Kwanza. Mwalimu wa taaluma aandike ni wangapi walirudisha kazi, wangapi walipanda, na wangapi hawakurudisha kabisa. Hao wa mwisho watafutwe mmoja mmoja na waulizwe wana shida gani, kwa kuwa huenda ndio wanaoumwa tumbo kila Jumatatu.